Mama Shukeni wa Makambako

Letisia aliuliza kama washuke. Aliuliza lori liliposimama tu. Akauliza tena alipoona jeki inatolewa chini ya kiti cha dereva. Mara ya tatu aliuliza kwa sauti kubwa, mpaka abiria wenzake waliokaa juu ya matita ya magome ya miti ya miwati wakageuka kumtazama mwanamke huyu asiyejua kunyamaza.

"Baba Kornelio, tushuke?"

Kornelio hakuinua hata uso. Lori lilikuwa lake, na yeye mwenyewe ndiye aliyeliendesha. Kijijini kwao hakuna aliyewahi kuwa na lori kabla yake, na watu walizoea kumpisha njiani hata siku alizotembea kwa miguu.

"Kaeni humohumo," alisema. "Nikiwashusha, nani ataanza tena kuwapandisha mmoja mmoja? Ni pancha tu."

Aliyekuwa chini na jeki mkononi ni Romanus, utingo wa lori lile na mume wa Letisia. Alimtazama mkewe kule juu, akatabasamu. "Kaa, Mama Oktavia. Mtoto asije akapigwa na ukungu." Letisia akamvuta binti yao kifuani, akakaa.

Walikuwa kwenye mteremko wa mwisho kabla ya kuingia Makambako, kwenye barabara ya kutoka Njombe. Tairi la nyuma lilikuwa limepasuka, na udongo mwekundu ulikuwa umelowa kwa manyunyu ya tangu asubuhi. Romanus alitembea kando ya barabara akitafuta mawe ya kuzuia magurudumu. Mahali pale hapana mawe, ni nyasi na udongo mtupu. Alipokuwa amekwenda mbali kidogo, Kornelio akapiga honi.

"Mawe ya nini, Romanus? Breki ya mkono nimeivuta. Njoo, tunachelewa."

Romanus akarudi mikono mitupu. Aliliinua lori na mzigo wake wote na watu wake wote. Alipofungua nati, gurudumu likang'ang'ania, halitoki. Akalala ubavu, akaingiza miguu chini ya lori ili alisukume gurudumu kutoka upande wa ndani. Juu ya mzigo mtu mmoja alisogea ili aone vizuri. Letisia akahisi magome yakitikisika chini yake, taratibu, kama ng'ombe anayejiinua baada ya kulala. Kisha lori lote likashuka.

Romanus alikata roho kabla hawajamfikisha hospitali ya Ilembula.

Walimzika Uwemba, nyumbani kwao. Kornelio alikuja amevaa koti jeusi, na watu wakampa nafasi ya kusema kwa kuwa ndiye aliyekuwa mwajiri wa marehemu. Alisema vizuri. Alimsifu Romanus kwa bidii yake. Alisema safari ya kila mtu imepangwa na Mungu, na ya Romanus imeishia pale Mungu alipotaka. Akaongeza, kwa sauti ya huruma, kwamba vijana wa siku hizi nao wanapenda kuharakisha kazi, hawaweki hata mawe.

Letisia alikuwa amekaa chini pamoja na wafiwa, amejifunika kaniki mpaka kichwani. Aliposikia neno la mawe akasimama.

"Si Mungu," alisema. "Mungu hakuwa na haraka siku ile. Mwenye haraka ulikuwa wewe."

Shemeji yake mkubwa akamshika mkono ili amkalishe. Akauchomoa mkono wake.

"Nilikuuliza tushuke, ukasema tukae. Alikwenda kutafuta mawe, ukampigia honi. Watu waliokuwa juu ya mzigo wapo hapa, wamekaa pale. Sema mbele yao."

Kornelio akaangalia chini. Waliokuwa juu ya mzigo nao wakaangalia chini. Mwishowe mzee mmoja akaanzisha wimbo, na wimbo ukafunika kila kitu, kama udongo.

Baada ya matanga Kornelio alituma blanketi zuri na kipande cha chumvi. Letisia alivirudisha siku ileile.

"Mwambieni sina baridi," alimwambia aliyetumwa. "Ninachotaka aseme, hakifungwi kwenye blanketi."

Ndugu wa mumewe walikasirika. Walisema ana kiburi, anawachafulia jina kwa mtu mkubwa. Mama mkwe wake peke yake ndiye asiyesema neno. Jioni moja alimkuta Letisia, Oktavia mgongoni, akifunga sufuria zake kwenye mkeka, akamwuliza anakwenda wapi.

"Makambako, mama."

"Kwa nani?"

"Sina mtu Makambako."

Yule bibi akaingia ndani, akatoka na sufuria yake mwenyewe, kubwa, ile ya kupikia shughuli. "Basi usiende na vya kitoto," alisema. "Watu wa barabarani wanakula sana."

*

Makambako ya siku zile haikuwa mji. Palikuwa na njia panda, ya Iringa, ya Mbeya na ya Njombe, maduka machache ya mabati, pampu ya petroli, na upepo usiochoka. Letisia hakujenga njia panda, penye watu. Alijenga upande wa Njombe, chini kidogo ya ule mteremko, mahali ambapo barabara hutulia na pana uwanja mpana ulioshindiliwa na malori. Watu walisema mwanamke huyu amerukwa na akili, anajenga karibu na damu ya mumewe. Yeye alijenga. Ukuta wa udongo, paa la nyasi, mabenchi mawili ya magogo, na mafiga matatu. Akawa anapika uji, chai, viazi, ugali na maharage.

Madereva walikuja. Baridi ya kule juu humshusha mtu yeyote kwenye usukani akiona moshi na kusikia harufu ya chai. Na kwa kuwa uwanja ulikuwa tambarare, waliopata pancha mlimani walijikokota mpaka pale ili wabadilishe tairi.

Hapo ndipo Letisia alipokuwa hawezi kutulia. Kila jeki ilipotoka, mikono yake iliacha kazi. Aliona lori baada ya lori likiinuliwa na watu juu yake, wengine wakila viazi vyake hukohuko juu. Aliona matingo wakijiingiza chini kama wanaingia kitandani. Siku moja alishindwa kujizuia, akapiga kelele: "Shukeni! Shukeni nyote!" Wakacheka, hakushuka hata mmoja.

Dereva mmoja ndiye asiyecheka. Jina lake Sila, Mkinga mwenye mvi, mtu wa maneno machache, ambaye alijifunza udereva jeshini wakati wa vita. Alimaliza chai yake, akamwita.

"Mama, unapiga kelele, lakini hujui unachokipigia kelele. Unataka kujua?"

"Nataka."

"Njoo."

Alimpeleka kwenye lori lake, akamfundisha kama anavyofundishwa askari, kwa kumfanyisha. Kwanza mahali: ardhi ngumu, tambarare, mbali na kona, na matawi ya miti yawekwe nyuma barabarani ili anayekuja aone kwa mbali. Kisha breki ya mkono, na gia. Kisha watu wote chini, na mzigo unaoshushika ushushwe.

"Halafu kabari," Sila alisema. "Ukiinua gurudumu la nyuma, zuia la mbele, mbele na nyuma yake. Gari haliulizi kama una haraka. Likiweza kwenda, linakwenda."

"Na nati?"

"Zilegeze kabla ya kuinua, gurudumu likiwa bado limekanyaga chini. Ukizing'ang'ania juu ya jeki unalitikisa gari zima. Chini ya jeki weka ubao, isizame. Ukishainua, lile tairi la akiba lilaze chini ya fremu, jirani na jeki. Jeki ikikukimbia, gari litalala juu ya tairi, halitalala juu ya mtu. Ukitoa la pancha, unalilaza hilo, ndipo unachukua la akiba kulifunga."

Letisia alikuwa anaona miguu ya Romanus.

"Jeki ni ya kuinulia, mama, si ya kushikilia," Sila alisema kwa upole zaidi. "Mtu hapitishi mwili wake chini ya jeki, hata mguu. Gurudumu likikataa kutoka, literemshe tena, ligonge kwa nje. Lina njia zake za kutoka."

"Kwa hiyo kulikuwa na njia."

"Njia huwa ipo."

Letisia alirudia kila kitu mbele yake mpaka Sila akatikisa kichwa kukubali. Alifunga nati kwa vidole, akizikabili mbili mbili kutoka upande huu na upande wa pili, akateremsha gari, akakaza kwa spana kwa nguvu zake zote. Sila akamwambia asisahau kumkumbusha dereva azikaze tena akishatembea kidogo. Wiki ileile Letisia alikwenda kwa seremala, akachongesha kabari mbili nene za mti wa mwati, zenye mpini wa kushikia. Akaziweka mlangoni, mahali ambapo wengine huweka ufagio.

Toka hapo uwanja ukawa na sheria. Anayebadilisha tairi pale anatumia kabari, na abiria wanashuka. Asiyetaka, aendelee na safari. Madereva walidhani ni mzaha mpaka mmoja wao, mtu mkubwa mwenye sauti, alipoinua lori lake hivihivi na kisha akaja kukaa kwenye benchi akingoja chakula. Letisia alimpakulia kila mtu, akamruka. Alipodai, akamwambia:

"Hapa huli."

"Kwani umepika cha kuangalia?"

"Nimepika cha walio hai. Kazuie gari lako, uje ule."

Mtu yule alitukana, akaondoka na njaa. Alipita na njaa mara ya pili pia. Mara ya tatu matingo wake walizichukua kabari mlangoni bila kumwuliza, na yeye akala sahani mbili. Wakamtungia Letisia jina, Mama Shukeni. Walilitunga kwa kumkejeli, likaenda mpaka Iringa na Mbeya, na likarudi likiwa limepoteza kejeli nusu. Nusu nyingine ilibaki, na Letisia aliiacha ibaki. Hakuwa na muda wa kupendwa.

*

Mwaka wa tatu alimshusha Mzungu.

Alikuwa mwenye shamba fulani la miwati, na gari lake dogo lilipata pancha palepale mbele ya mlango. Kulikuwa na manyunyu. Dereva wake alitoka na jeki, na bwana yule akabaki ndani akivuta mtemba. Letisia alitoka na kabari, akazipiga chini ya magurudumu, kisha akagonga kioo.

"Shuka, bwana."

Mzungu aliteremsha kioo kidogo. "Wewe nani?"

"Mimi mwenye uwanja."

"Uwanja ni wa serikali."

"Basi serikali nayo ishuke."

Dereva alifumba macho kama mtu anayesubiri radi. Lakini jeki ilikuwa bado mkononi mwake, na hakuiweka chini ya gari. Alisimama tu, katikati ya sauti mbili, na Letisia aliona kwamba naye hataki kuinua gari lenye mtu ndani. Hakuwa amepata wa kumsemea. Mwishowe mlango ukafunguliwa, bwana akashuka, akavaa kofia, akasimama kwenye manyunyu kama mwiba, mpaka kazi ikaisha. Benchi chini ya paa alilikataa.

Siku chache baadaye jumbe wa eneo lile alifika kwa miguu, uso umemwiva.

"Letisia! Umemshusha Mzungu kwenye gari lake?"

"Karibu uji, Jumbe. Ndiyo, nimemshusha."

"Amelalamika. Anasema kibanda chako kiko karibu mno na barabara. Anataka kivunjwe."

"Ambaye angeingia chini ya gari hakuwa yeye, Jumbe. Alikuwa dereva wake, mtu mwenye watoto. Wa kulalamika ni yule. Amelalamika?"

"Mimi siulizwi hayo. Watatumwa watu kukivunja."

"Waje," Letisia alisema, akampa kikombe. "Wakipata pancha njiani, wanajua pa kusimama."

Jumbe alikunywa uji, akaondoka akitikisa kichwa. Watu hawakutumwa mwaka ule, wala uliofuata. Lakini tangu siku hiyo Letisia alilala akijua kwamba kibanda chake kimesimama juu ya neno la mtu mwingine, na kila asubuhi aliwasha moto kama mtu anayejibu hoja.

*

Kwa miaka yote hiyo lori la Kornelio lilipita bila kusimama. Letisia alilijua kwa mlio. Hakutoka nje kulitazama, wala Kornelio hakugeuza shingo. Ukungu ukiwa mzito Kornelio aliongeza mwendo badala ya kupunguza, apite haraka.

Kisha ikaja masika moja yenye mvua isiyokatika, na alasiri moja lori lile likateremka mlima likichechemea, tairi la nyuma limelala. Halikuweza kuvuka uwanja. Likasimama.

Kornelio alishuka, nywele zimeanza kuwa nyeupe. Utingo wake mpya, Yoeli, mtu mzima aliyekuwa akilima ngano kabla ya kupata kazi ya lori, alishuka upande wa pili na jeki. Juu ya magunia walikaa abiria, na kutoka katikati yao ilisikika sauti ya mwanamke akiugua kwa vipindi, sauti ambayo kila aliyezaa anaijua.

Letisia akatoka. Kornelio akamwona, akaanza yeye kusema.

"Leo usianze, mama. Nina mgonjwa. Idda, binti wa jirani yangu, ana uchungu tangu jana na mtoto hatoki. Tunamwahisha Ilembula. Kumshusha na kumpandisha tena ni kumtesa. Niache nifanye haraka, niende."

Letisia aliitazama ile mvua. Alimsikia Idda. Moyo wake ulimwambia kwamba haraka ya leo ni ya kweli. Lakini hata ile ya siku ya Romanus waliiita ya kweli.

Alimfikia Yoeli, akauchukua mpini wa jeki mkononi mwake kabla hajajua anafanya nini, akarudi nao kwenye benchi, akaukalia.

"Ashushwe aingizwe ndani, kwenye kitanda changu," alisema. "Kuna moto. Wote washuke."

"Letisia!"

"Nimesikia jina langu."

"Mtoto huyu akifia njiani, utamjibu nini Mungu?"

"Nitamjibu mimi. Wewe la Romanus hujamjibu bado."

Kornelio akapiga hatua kumwelekea. Yoeli akasogea naye, si kumsaidia, ila kukaa katikati. Kwa muda hakuna aliyejua kitakachofuata. Ndipo mama yake Idda, ajuza mwembamba aliyelowa mpaka mifupani, akainama kutoka juu ya magunia.

"Nyie wanaume, mnabishana na nini? Nishusheni na mwanangu. Humu juu mvua inamwua kabla ya uchungu."

Wakamshusha Idda katika blanketi, watu wanne, mmoja kila pembe, wakamwingiza ndani, wakamlaza. Abiria wengine wakashuka wenyewe, wakajibanza chini ya paa. Lori likabaki tupu ila magunia. Letisia akachukua kabari mlangoni. Yoeli alinyoosha mkono kuzipokea, lakini Letisia akampita, akamnyooshea Kornelio.

"Weka wewe."

"Yupo utingo."

"Nimemwona. Weka wewe."

Kutoka ndani Idda akalia tena, kwa muda mrefu. Kornelio akazipokea zile kabari. Akapiga magoti kwenye tope, koti na yote, akaisukuma moja mbele ya gurudumu na nyingine nyuma yake, akazigongomea kwa jiwe la mafiga mpaka zikauma. Alipoinuka magoti yake yalikuwa mekundu. Letisia akanyanyuka, akampa Yoeli mpini.

Kazi ilikwenda upesi kuliko ugomvi. Yoeli alilegeza nati gurudumu likiwa chini, akaweka ubao, akainua, tairi la akiba likalazwa chini ya fremu. Gurudumu la pancha liligoma kidogo. Letisia akaona mguu wa Yoeli ukianza kwenda pasipofaa, akasema, "Hapana," na mguu ukarudi. Walilishusha lori kidogo, wakagonga, wakainua tena, gurudumu likatoka. La akiba likaingia, nati zikafungwa kwa kukabiliana, lori likashushwa, zikakazwa. Idda akarudishwa juu, safari hii akiwa amefunikwa blanketi kavu la Letisia na amekunywa uji wa moto.

Kornelio alikuwa amekwisha kupanda, mlango ungali wazi. Alimtazama Letisia, na ile sauti yake ya zamani ikamrudia.

"Umeona? Jeki haikuteleza. Lori halikuanguka. Ungetuacha tu tungekuwa mbali."

"Nimeona," Letisia alisema. "Ndivyo ninavyotaka. Lisianguke. Leo lisianguke, na kesho, na kila siku unayobeba watu. Nikiona halijaanguka nitajua nimefanya kazi."

Kornelio alifunga mlango, wakaenda.

Letisia hakula siku ile. Alipika, akagawa, akaosha sufuria, na kila lori lililotoka upande wa Mbeya alilikimbilia kuuliza. Alijua vizuri kwamba kama Idda hakuwahi, hakuna kabari duniani itakayomtetea, na kwamba watu watakuwa na haki ya kumwita muuaji. Alijua pia kwamba lori jingine likisimama hapo saa hiyo, na mgonjwa mwingine juu yake, atafanya vilevile. Mambo hayo mawili alikaa nayo kifuani mpaka asubuhi, Sila alipopita akitokea Ilembula na kumwambia kwamba Idda amejifungua msichana, wote wazima, na kwamba ajuza anauliza blanketi alirudishe vipi.

"Mwambie amfunike nalo mtoto," Letisia alisema. Kisha akakaa chini, pale pale nje, akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na madereva waliokuwa wanakunywa chai wakayashusha macho yao kwenye vikombe.

*

Yoeli ndiye aliyemletea habari, baadaye, kwamba Kornelio amechongesha kabari zake, na kwamba hainui lori tena na watu juu. Alimpa habari hiyo kama anampa zawadi, akangoja afurahi.

"Amefanya vizuri," Letisia alisema. "Lakini kabari ni za magurudumu. Lile neno nililomwomba bado analo mdomoni."

"Mama, si inatosha? Mtu amebadilika."

"Kwako inatosha, kwa sababu wewe ndiye unayelala salama. Nenda, nati zako zikaze tena ukifika juu."

Kornelio akaanza kusimama kwenye uwanja ule kama wengine. Aliagiza chai, Letisia akampa chai. Alisema asante, naye akasema karibu. Kuna siku alikaa muda mrefu kuliko kawaida, akikigeuzageuza kikombe, midomo ikimcheza, na Letisia akasimama akimngojea, kitambaa cha kufutia meza mkononi. Kornelio akaaga, akaondoka. Hakusema. Letisia hakumsukuma, wala hakumsamehe. Paroko aliposikia akamshauri kwamba msamaha hauhitaji kuombwa. Letisia akamjibu kwa heshima kwamba analielewa hilo, na kwamba yeye bado anangoja.

Karibu na mwaka ule ambao watu walianza kuzungumzia bendera mpya, barabara ya Njombe ilipanuliwa, na safari hii amri ya kuhama ilikuja kweli, na haikuwa ya Letisia peke yake. Jumbe, ambaye sasa alikuwa amezeeka na kumpenda kwa namna ya manung'uniko, alikuja mwenyewe kumwonyesha kiwanja kipya: mahali pazuri, penye kivuli, hatua chache tu kutoka kijitoni.

Letisia alipatembea, akapakanyaga kwa kisigino, akatazama upande wa kona.

"Hapana."

"Hapana nini? Maji haya hapa, miti hii hapa."

"Pana mteremko, Jumbe. Na lori likitoka kwenye kona ile halimwoni aliyesimama. Nipe pale." Akaonyesha juu, mahali peupe, tambarare, pakavu, penye upepo, ambapo hapakuwa na chochote.

"Pale? Maji utayafuata mpaka huku chini, kila siku, na mgongo huo! Wewe mwanamke, unajenga nyumba au unajenga barabara?"

"Najenga pa kusimama," Letisia alisema, na akaanza kupanda kwenda kupima.